Alasiri ya Miksa Mpya

Bonifasi alikuwa na mtu mmoja tu duniani aliyetamani kumwonyesha ile mashine, na mtu huyo alikuwa huko Mgeta, juu kabisa milimani, akipalilia kabichi.

Mashine ilimfikia siku ya Jumatano, imeviringishwa kwenye blanketi. Mtaalamu mmoja wa kilimo, Mzungu aliyekaa Morogoro miaka minne na kumchosha Bonifasi kwa redio zisizokoma kuharibika, alikuwa anarudi kwao. Badala ya kuaga kwa maneno matupu, akamwachia fundi wake kitu alichokuwa akikitumia kwenye sherehe za nyumbani kwake: miksa, mashine ya kuunganisha muziki wa pleya mbili. Bonifasi alikuwa ameiona mara moja tu, siku alipokwenda kutengeneza feni, na tangu siku hiyo hakuwa na raha. Sasa ilikuwa yake. Ilikaa juu ya kitanda, upande ule ambao zamani alilala mkewe.

Aliitazama mpaka chai ikapoa. Kisha akafunga mlango wa chumba chake cha Mji Mpya, akaziunganisha pleya zake mbili za santuri, akaanza kuijaribu. Kwa kuwa hakuwa na wa kumsimulia, alijisimulia mwenyewe, tena kwa sauti.

"Ona," alisema. "Vijiti viwili. Hiki cha pleya ya kushoto, hiki cha kulia. Unashusha huku, unapandisha kule."

Akashusha huku, akapandisha kule. Wimbo mmoja ukajiondokea taratibu na mwingine ukaingia, wala sikio halikupata kujua mpaka kati yake ulikuwa wapi. Bonifasi akapiga kofi moja, peke yake. Halafu akagundua tundu la hedfoni. Ukizivaa, unaisikia santuri inayofuata wewe mwenyewe tu. Unaitafutia mahali pazuri pa kuanzia, na ukumbi mzima haujui kinachoendelea. Aliurudia mchezo huo mara kumi na kitu. Kila mara alipofanikiwa aligeuza shingo kidogo kuelekea mlangoni, kana kwamba kuna mtu angeingia amsifu. Hakuingia mtu.

Lakini fundi ni fundi, hata akipenda haachi kuona kasoro. Kijiti cha kulia kilikuwa na vumbi ndani, kikipita katikati kinakwaruza. Mashine ilinguruma mpaka alipoifunga waya wa kushusha umeme ardhini na kuupeleka kwenye bomba la uani, na mwenye nyumba akatoka kuuliza kama amepanga kuwaua watu wanaochota maji. Kitufe cha kuongeza besi hakikuwepo kabisa. Na kubwa kuliko yote, tundu la maiki lilikuwa dogo, la aina ya huko ilikotoka, na plagi ya maiki yake ilikuwa nene, ya kizamani. Aliisukuma, akaizungusha, akaibembeleza. Haikuingia. Labda Dar es Salaam angepata kiunganishi. Lakini mwaka ule hata kipande cha sabuni ya kufulia watu walikipangia foleni tangu alfajiri, sembuse kiunganishi cha maiki.

"Kasoro ndogo," alisema. "Nitapiga muziki bila kusema."

Ni vizuri ijulikane disko la Bonifasi lilikuwa likiendeshwa vipi kabla ya hapo. Lilipigwa kila Jumamosi kuanzia saa nane mchana, katika ukumbi wa wafanyakazi wa kiwanda, na amplifaya yake ilikubali pleya moja tu kwa wakati. Wimbo ukiisha, anainua sindano, anachomoa plagi ya pleya hii, anachomeka ya ile, spika zinalia paa, ndipo wimbo mwingine unaanza. Katikati hapo ilipita karibu dakika nzima ya kimya. Wenyewe waliiita nafasi. Katika nafasi mwanamume alimrudisha mwanamke kwenye kiti chake na kumshukuru. Aliyemtaka mwingine alivuka ukumbi kwenda kumwomba. Bonifasi alishika maiki akasoma salamu na matangazo ya kamati. Na mwenye shida naye alipanda jukwaani kumwona.

Hapo tu, si wakati mwingine. Jukwaa lilikuwa la mbao, zimegongomelewa na watu ambao nadhani walikuwa na haraka ya kwenda kula. Ukikanyaga ubao mmoja meza inatikisika, sindano inaruka, wimbo unaharibika na santuri inachubuka, na santuri ikichubuka miaka ile hupati nyingine. Kwa hiyo sindano ikiwa chini, hapandi mtu. Mlinzi wa sheria hiyo alikuwa Yustina, mke wa Bonifasi. Miaka saba alikaa juu ya stuli upande wa kushoto wa jukwaa, akizifuta santuri kwa kitambaa na kumpa mumewe moja baada ya nyingine. Mlevi akiweka mguu kwenye ngazi wakati wimbo unapigwa, Yustina alimkazia macho mpaka mguu ukarudi ulikotoka. "Subiri nafasi, ndugu," alisema. Katibu wa ukumbi alisubiri. Hata marehemu mama yake Bonifasi, siku alipoleta habari ya msiba, alisubiri pale chini ya ngazi, mikono kichwani, mpaka wimbo ukaisha.

Miaka miwili iliyopita mama yake Yustina alifariki. Huko kwao ardhi ni ya lukolo, ukoo wa upande wa mama, na mama akifa shamba humsubiri binti. Yustina akapanda Mgeta kulishika shamba la mama yake, na mtoto wao Regina akaenda naye, kwa kuwa naye ni wa lukolo hiyo hiyo. Bonifasi, mtoto wa karani wa reli, aliyezaliwa mjini na asiyejua kushika jembe upande upi, akasema atafuata. Hakufuata. Mgeta hakukuwa na umeme. Kwenda kule kulimaanisha kuuacha muziki, na muziki ndio kitu pekee alichokijua kwa uhakika. Hawakugombana. Pengine wangegombana ingekuwa nafuu, wangekuwa na cha kusuluhishwa.

Alhamisi, siku moja baada ya miksa kufika, Athanas, dereva wa lori la mboga, akamletea barua.

"Baba Regina," iliandikwa, "kikao cha ukoo ni Jumapili hii baada ya misa. Mjomba Fransisko anagawa kile kipande cha karibu na kijito. Ukija kukaa nasi, kitakuwa chetu, na ndugu zangu watatusaidia kujenga. Kama huji, atapewa binamu yangu, na mimi nitajua nimeachwa. Nitashuka Jumamosi na lori la Athanas na nitarudi nalo saa kumi. Sitaki jibu la barua. Nataka la mdomo."

Aliisoma mara nne. Alipata hofu, hofu ya kweli, ya kukausha mate. Akisema siji, amempoteza mke. Akisema naja, amepoteza yale mengine yote. Akaanza kutafuta njia ya tatu, kama kawaida ya watu waoga, na njia ya tatu ilikuwa pale kitandani, inang'aa. Yustina angefika, angeisikia mashine, angeuona ukumbi unavyochanganyikiwa, naye mwenyewe angeng'amua kwamba mjini kuna maisha. Angerudi kwenye stuli yake. Wanaume wengine huongea wakishalewa, wengine kwa ngumi. Bonifasi aliamua aongee kwa miksa.

Jumamosi asubuhi aliitoa stuli stoo, akaifuta vumbi, akaiweka mahali pake upande wa kushoto. Hakujiuliza mtu akikaa pale atafanya kazi gani. Mashine hii ilikuwa ya mtu mmoja. Santuri ikipigwa upande huu, mkono uleule unaandaa ya upande wa pili, na sikio lilelile linaipima.

Saa nane ukumbi ulianza kujaa. Chausiku, mama wa makamo aliyekaa mlangoni kukata tiketi na kuuza soda, alipanda kabla sindano haijagusa santuri, akaitazama mashine.

"Sasa hii inafanya nini, Boni?"

"Inaondoa kimya, dada Chausiku."

"Kimya kilikuwa kinakuuma wapi?" aliuliza, akacheka, akashuka kwenda kwenye tiketi zake.

Wimbo wa kwanza ulipokaribia mwisho, wanaume walianza kulegeza mikono ili wawarudishe wanawake kwenye viti. Wimbo wa pili ukawakuta hapohapo. Watu wakasimama, wakatazamana, kisha vijana wakapiga yowe la furaha na kuendelea. Wa tatu ukaingia hivyohivyo. Wa nne pia. Ignas, karani wa kiwandani, aliyekuwa amemwomba mama mmoja mnene kwa heshima tu, alijikuta hana mahali pa kumshukuru. Alizunguka naye nyimbo sita, shati limemganda mgongoni, akiitazama meza ya Bonifasi kwa macho ya kuomba huruma. Bonifasi hakumwona. Alikuwa na hedfoni masikioni, pande zote mbili.

Hilo nalo alilihesabu upande wa kasoro, ingawa kwa muda mfupi tu. Ukizivaa hedfoni huusikii ukumbi. Unaona midomo inafunguka na miguu inakanyaga sakafu, lakini unachosikia ni ile santuri ambayo bado haijafika kwa watu. Palikuwa na watu zaidi ya mia mle ndani, na yeye alikuwa peke yake zaidi kuliko alivyokuwa chumbani kwake Jumatano.

Yustina aliingia yapata saa nane na nusu. Alikuwa amefunga kitambaa cha kijani kichwani, miguu ina udongo mwekundu wa milimani, kikapu mkononi. Bonifasi alimwona papo hapo. Miezi mitano hajamwona. Alimpungia mkono, naye akampungia. Bonifasi akainyooshea kidole mashine, kisha akainyooshea stuli. Yustina akatikisa kichwa kukubali kwamba ameviona. Akatafuta benchi la pembeni, lililo karibu kabisa na ngazi ya jukwaa, akakaa, kikapu magotini.

Anasikiliza, aliwaza Bonifasi. Amekaa mbele kabisa ili asikilize.

Akampigia nyimbo alizozipenda. Moja ilikuwa ile waliyocheza siku ya harusi yao pale misheni, na akaiunganisha na nyingine kiasi kwamba yeye mwenyewe alitaka kulia. Ilipokuwa inakwisha alimwona Yustina anainuka, ameweka kikapu chini, mguu mmoja uko karibu na ngazi. Wimbo mwingine ulipoingia Yustina alisita, akarudi kukaa.

Alitaka kucheza, aliwaza Bonifasi. Aibu imemshika.

Baada ya nyimbo mbili akainuka tena, akakaa tena. Bonifasi alimcheka kwa mapenzi. Alijua hasa mkewe alivyo, mtu wa kujivunga, wa kutaka kubembelezwa. Akamfanyia ishara ya mkono: ngoja, bado, tamu zaidi inakuja. Yustina aliutazama ule mkono, kisha akaitazama saa kubwa ya ukutani juu ya mlango.

Ilikuwa imefika saa kumi kasorobo. Bonifasi alimtazama kwa makini kwa mara ya kwanza tangu aingie, si kama mtu wa kushawishiwa, bali kama mke wake. Amekonda. Vidole vyake vilivyokuwa vikizishika santuri pembeni tu, kwa ncha, visiache alama, sasa vilikuwa vinene na vyeusi kwenye kucha. Na ameketi vilevile alivyokuwa akiketi zamani, mgongo umenyooka, hana haraka, anampa mumewe muda wake wote. Mtu ameshuka milima yote ile juu ya magunia ya kabichi, na saa nzima amekaa kwenye benchi bila kulalamika, kwa ajili yake. Nani mwingine angemfanyia hivyo? Bonifasi alikumbuka miaka miwili ya kula ugali ameelekea ukuta, sahani moja, kikombe kimoja. Akakumbuka makofi yake mwenyewe ya Jumatano. Alijiona mjinga, na ile hofu iliyomkausha mate tangu Alhamisi ikamwisha.

Nitakwenda, aliwaza. Nitapanda naye lori leo leo. Kama hakuna umeme, basi hakuna. Nitajifunza hilo jembe, Regina ataniona kila siku.

Furaha ilimjaa mpaka akashindwa kuizuia usoni. Alicheka mwenyewe pale juu, hedfoni masikioni, meno yote nje, mikono juu ya vijiti vya ile mashine. Akajiambia amalizie kwanza. Kulikuwa na nyimbo mbili ambazo tangu Jumatano zilikuwa zikimshinda kuziunganisha, za haraka sana zote, na alitaka kuziunganisha mara moja tu mbele ya Yustina kabla hajaizima mashine kwa heri. Ziunganishe, kisha inua sindano, kisha shuka umwambie. Aligeuka, akainama kwenye sanduku la santuri. Ile aliyoitaka ilikuwa chini kabisa. Akaitoa, akaifuta, akaiweka, akaitafutia mahali pake kwenye sikio. Akasubiri. Akashusha huku, akapandisha kule.

Zilishikana. Kijiti hakikukwaruza hata kidogo. Ukumbi ulitupa mikono juu, naye akainua uso kumtazama mkewe.

Benchi lilikuwa tupu.

Ametoka kujisaidia, alijiambia. Ameenda kununua soda. Aliuacha wimbo uendelee huku macho yake yako mlangoni. Ukakaribia kwisha, akaweka mwingine, hakumbuki upi. Saa ya ukutani ilisema saa kumi na dakika kumi na tano. Ndipo alipozivua hedfoni, akamwita Chausiku kwa mkono.

Chausiku alikuja mpaka chini ya ngazi, akasimama. Hakupanda. Bonifasi alimwita tena, naye akaonyesha santuri inayozunguka. Bonifasi akainua sindano. Watu waliguna na kulalamika, na kwa mara ya kwanza tangu saa nane ukumbi ukawa kimya. Ignas alimshukuru yule mama na kukimbilia kiti. Chausiku akapanda.

"Mama Regina yuko wapi?"

"Ameondoka. Athanas amepiga honi mpaka amechoka, wewe umeziba masikio."

"Mbona hakuja kuniaga?"

"Angekuja saa ngapi?" Chausiku alisema. "Amesimama pale mara nne. Ananiuliza, 'Dada Chausiku, kwani hii santuri haiishi?' Nikamwambia panda, mwanangu, yule si mumeo? Akasema, 'Sindano iko chini, nitamharibia. Ngoja nisubiri nafasi.'"

Bonifasi alishika ukingo wa meza. "Basi nitamfuata. Nitatembea usiku kucha, kabla ya misa nitakuwa nimefika. Sijamwambia jibu langu."

"Amesema ameshalipata."

"Amelipata wapi? Sijasema neno mimi."

Chausiku alisita. Hakuwa mtu wa kupenda kubeba maneno ya watu, hasa ya aina hii. Akayasema akiwa ameitazama stuli, si Bonifasi.

"Amesema, 'Nimemwona anavyocheka pale na mashine yake. Miaka yote niliyokaa naye sijapata kumwona na furaha ya namna ile. Nikimtoa hapo nitakuwa nimemuua. Mwambie asihangaike kunifuata, sina kinyongo. Kesho nitawaambia kile kipande apewe binamu yangu.' Alikuwa analia, Boni, lakini anaongea vizuri tu."

Huko chini watu walianza kupiga makofi ya kutaka muziki. Bonifasi hakusikia hata kofi moja, ingawa sasa masikio yake yalikuwa wazi.

"Nilikuwa namchekea yeye," alisema.

"Basi si ungeshuka ukamwambia?"

"Nilikuwa namalizia wimbo."